Baiskeli ya Umeme: Breki Kwanza, Mota Baadaye

Baiskeli ya umeme ni baiskeli yenye pedeli, mota na betri. Mota iliyozoeleka ina nguvu ya wati 250, ilhali mtu mzima asiye mwanariadha hutoa wati 75 hadi 100 hivi anapoendesha bila kujichosha. Anayekanyaga pedeli taratibu, basi, hupata ghafla nguvu za watu wawili au watatu wa ziada. Mwendo humjia kabla hajawa na ustadi wa kuutawala, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Kwa sababu hiyo mafunzo hufuata mpangilio usiopendwa na wenye haraka: breki kwanza, kisha baiskeli bila mota, kisha mota katika ngazi ya chini kabisa, na barabara mwisho.

Kinachobadilika mota inapoingia

Anayejua baiskeli ya kawaida ana faida, lakini mwili wake umezoea mambo ambayo hapa hayako vilevile.

Uzito ni mojawapo. Baiskeli nyingi za umeme zina kilo 20 hadi 30, na betri ikikaa juu ya keria, uzito huo huwa nyuma na juu. Baiskeli ikishaanza kulala upande, mkono mmoja hautoshi kuizuia. Watu wazima wengi, hasa wazee, huangukia palepale wanapopanda au kushuka, si katika mwendo.

Jambo kubwa zaidi ni mota yenyewe na namna inavyojua kwamba imehitajika. Katika aina moja, kihisi huhesabu mzunguko wa pedeli: pedeli zikizunguka, mota husukuma, hata kama mguu haukuweka nguvu yoyote. Aina hii hukawia kidogo kuanza na hukawia kidogo kuacha. Miguu ikishatulia, baiskeli bado husukumwa kwa kitambo kifupi. Katika aina nyingine, kihisi hupima nguvu ya mguu: ukikanyaga kwa nguvu, mota husaidia kwa nguvu. Hii ni tulivu zaidi inapotembea, lakini mguu ulioegemezwa kwenye pedeli wakati baiskeli imesimama unaweza kuifyatua mbele. Baadhi ya baiskeli zina pia mkono wa resi kama wa pikipiki.

Kuzitambua aina hizo mbili za kihisi ni rahisi. Inua gurudumu lenye mota, washa, kisha zungusha pedeli kwa mkono bila kuikaza, vidole vikiwa mbali na spoku na mnyororo. Mota ikianza yenyewe, ni aina ya kuhesabu mzunguko. Mwenye baiskeli ajue jibu hili kabla ya kuketi juu yake.

Kisha kuna mwendo. Kwa kilomita 15 kwa saa baiskeli huenda mita 4 kila sekunde. Kwa kilomita 25, karibu mita 7. Mtu huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kubana breki, na baiskeli huendelea kwenda muda huo wote. Ukijumlisha na umbali wa kufunga breki kwenye lami kavu, anayekwenda kwa 15 husimama ndani ya mita 6 au 7 na anayekwenda kwa 25 huhitaji mita 13 hivi. Mwendo haujafika hata mara mbili, lakini nafasi inayohitajika imefika.

Baiskeli ya kujifunzia

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli inayohesabika kuwa baiskeli ina mota isiyozidi wati 250 na msaada wake hukatika inapofika kilomita 25 kwa saa. Uingereza hufuata kipimo hichohicho, na mwendeshaji awe na umri wa miaka 14 au zaidi. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu mwendo mkubwa zaidi: kilomita 32 kwa saa, na katika daraja la juu, 45. Kwa anayeanza, popote alipo, kipimo cha Ulaya ndicho kinachofaa. Mota ya wati 750 au 1,000 isiwe mwalimu wa mtu yeyote.

Chombo kisicho na pedeli za kukanyaga, kama vile vinavyobeba abiria Nairobi, Kigali na Kampala kwa kubadilishiwa betri vituoni, ni pikipiki ya umeme. Hicho kinahitaji leseni, namba ya usajili na bima, pamoja na mafunzo ya pikipiki, na mwongozo huu haukihusu.

Baiskeli iwe na sehemu ya kati iliyo chini, ili mguu uvuke bila kurushwa juu ya kiti. Ngazi za msaada ziwe nyingi, na ya kwanza iwe dhaifu kweli. Muhimu kupita yote, mikono ya breki iwe na swichi za kukata umeme: breki ikibanwa, mota iache mara moja. Mafundi wanaofunga mota kwenye baiskeli za zamani mara nyingi huziacha swichi hizi ili kupunguza gharama. Baiskeli iliyofungwa mota ya namna hiyo bila swichi isitumiwe kujifunzia, hata ikitolewa bure.

Breki ipi iko wapi?

Katika nchi zinazopita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, mkono wa kulia kwa desturi hubana breki ya mbele. Baiskeli zilizotengenezwa kwa ajili ya bara la Ulaya au Marekani, zikiwemo za mitumba, mara nyingi ziko kinyume. Dereva aliyezoea kubana kushoto kwa breki ya nyuma anaweza kujikuta amefunga gurudumu la mbele pekee, kwenye mchanga, katika dakika yake ya kwanza. Sukuma baiskeli mbele, bana mkono mmoja, tazama gurudumu lipi limesimama. Kisha rudia kwa mkono wa pili.

UKAGUZI KABLA YA KILA SAFARI

☐ Matairi ni magumu; upepo uko ndani ya kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.
☐ Kila breki, ikibanwa peke yake, inazuia baiskeli isisukumike.
☐ Mkono wa breki haugusi usukani hata ukibanwa mwisho.
☐ Magurudumu, usukani na kiti havichezi.
☐ Betri imefungwa kwa ufunguo na haitikisiki.
☐ Breki inakata mota: inua gurudumu, liache lizunguke kwa umeme, bana breki.
☐ Kengele inalia. Taa ya mbele na ya nyuma zinawaka.
☐ Hakuna kamba, mfuko au pindo la nguo linaloweza kuingia kwenye spoku.

Kipengele hicho cha mwisho ni kizito kwa wavaao kanzu, buibui, gauni refu au kanga. Kitambaa kikidakwa na mnyororo wa baiskeli ya kawaida, miguu huacha kukanyaga na mambo huishia hapo. Mota haina habari ya kitambaa. Huendelea kuvuta mpaka ikatwe. Nguo ikunjwe na kufungwa, na mnyororo uwe na kifuniko.

Kofia ngumu ikae wima, ukingo wake ukiwa vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ukipitisha kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Iliyoegemea kisogoni huacha paji la uso wazi. Viatu vifunike vidole; ndala huteleza kwenye pedeli.

Mahali pa kujifunzia

Panahitajika uwanda tambarare, mgumu, usio na kokoto wala mchanga mwepesi, wenye urefu wa mita 40 au zaidi. Ua wa shule siku ya Jumapili hufaa, na maegesho ya uwanja wa mpira kabla watu hawajaja. Uwanja wa nyasi huvutia kwa sababu kuanguka hakuumizi sana, lakini nyasi huficha mashimo na hubadilisha kabisa namna breki zinavyoshika. Barabara ya mtaani yenye watoto na kuku haifai.

Kiti kishushwe mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini mwendeshaji akiwa ameketi. Kitapandishwa baadaye, akishazoea, mpaka goti libaki limekunjika kidogo tu pedeli inapokuwa chini kabisa.

Somo la kwanza: kwa miguu, mota imezimwa

1. Simama kando ya baiskeli, mikono yote miwili kwenye usukani. Itembeze mita 20, geuka, rudi. Mikono ijifunze uzito.
2. Ukiendelea kutembea, bana breki ya nyuma polepole mpaka baiskeli isimame. Rudia kwa ya mbele. Rudia kwa zote mbili pamoja.
3. Ilaze kidogo upande wako, kisha isimamishe. Hapo unaona kikomo ambacho ukikivuka haizuiliki.
4. Panda na ushuke bila kwenda popote, mara nyingi, breki zote mbili zikiwa zimebanwa. Mguu uvuke, tako likae, mguu mmoja ubaki chini.

Hatua ya nne hudharauliwa na waliokulia kwenye baiskeli za chuma, wanaopanda kwa kuweka mguu mmoja kwenye pedeli, kupiga hatua mbili tatu kwa mguu wa pili, kisha kurusha mguu juu ya keria baiskeli ikiwa inakwenda. Mtindo huo ni hodari na wa zamani, lakini hapa hauna nafasi. Pedeli ikiegemewa, mota inaweza kuondoka mwendeshaji akiwa bado ubavuni. Baiskeli ya umeme hupandwa ikiwa imesimama, breki zikiwa zimebanwa, na hushukiwa hivyohivyo.

Somo la pili: juu ya kiti, mota bado imezimwa

Asiyejua baiskeli kabisa aanze kwa kujisukuma kwa miguu, pedeli bila kuguswa, mpaka aweze kuinua miguu yote miwili na kuteleza mita tano au sita bila kuyumba. Anayejua aingie moja kwa moja kwenye kukanyaga. Lengo ni kuzunguka uwanja kwa pande zote mbili, kutazama nyuma juu ya bega bila kuhama mstari, kuondoa mkono mmoja kutoa ishara, na kusimama alama ilipo.

Kusimama ndiko kunakostahili muda mwingi kuliko yote. Breki ya nyuma peke yake husimamisha kwa umbali mrefu, na ikibanwa sana gurudumu hukwama na kuburuta. Ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu uzito wa mwili huhamia mbele baiskeli inapopunguza mwendo na kulikandamiza gurudumu hilo chini. Ikibanwa kwa mshtuko, gurudumu hukwama kabla uzito haujafika, na mwendeshaji huruka juu ya usukani au gurudumu huteleza pembeni. Kwa hiyo breki ya mbele hubanwa kama ndimu inavyokamuliwa: kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi.

1. Weka kopo au jiwe jeupe kama alama.
2. Njoo kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, umeketi wima, usukani umenyooka.
3. Ukifika kwenye alama acha kukanyaga, bana breki zote mbili pamoja, ukiongeza nguvu kadiri mwendo unavyopungua.
4. Sukuma tako nyuma kidogo na nyoosha mikono ili mwili usiegemee usukani.
5. Angalia mbele, si kwenye gurudumu. Weka mguu chini baiskeli ikishasimama, si kabla.
6. Pima umbali kwa hatua. Rudia mpaka umbali uwe uleule kila mara.

Vidole viwili vikae juu ya mikono ya breki wakati wote wa mafunzo. Anayelazimika kuitafuta mikono ya breki hatari ikitokea amekwisha kupoteza mita kadhaa.

Somo la tatu: mota, ngazi ya kwanza

1. Keti, bana breki zote, ndipo uwashe umeme. Hakikisha skrini inaonyesha ngazi ya 1.
2. Weka gia nyepesi au ya kati. Gia nzito hufanya mguu ukanyage kwa nguvu, na mota ikaitikia kwa nguvu.
3. Usukani uwe umenyooka kabisa. Kuanza huku umekata kona ndiyo njia fupi ya kuanguka.
4. Achia breki, kanyaga nusu mzunguko, subiri uusikie msukumo, kisha endelea.
5. Baada ya mita 20, acha kukanyaga na usifanye kingine. Sikia mota inachukua muda gani kuacha.
6. Rudia, safari hii ukibana breki. Mota ikatike papo hapo.
7. Kona: acha kukanyaga kabla ya kuingia, pita kwa mwendo uliobaki, kanyaga tena usukani ukinyooka.

Mwenye baiskeli ya mkono wa resi auache kando mpaka somo hili liishe. Mtu anayeshtuka hukaza kiganja, na kiganja kikikaza resi, mshtuko huzaa mwendo. Ajali za namna hiyo hutokea hata kwa mtu anayesukuma baiskeli kwa miguu mlangoni huku imewashwa. Sheria ni fupi: nje ya kiti, umeme uzimwe.

Ngazi ya pili na ya tatu hufuata pale tu mazoezi ya kusimama yaliyotangulia yanaporudiwa kwa mwendo mpya bila kuyumba. Hakuna idadi ya siku iliyopangwa kwa hilo.

Barabarani

Safari ya kwanza iwe ya mchana, barabara kavu, njia inayojulikana, bila abiria wala mzigo.

Madereva hukadiria kwa macho. Wanapoona baiskeli, hudhani inakwenda mwendo wa baiskeli, na gari linalotoka barabara ya pembeni huingia mbele ya chombo kinachokuja kwa kilomita 25 kwa saa kana kwamba kinakuja kwa 12. Kwa hiyo mwendo upunguzwe kabla ya kila makutano, hata mwenye baiskeli akiwa na haki ya kupita. Watembea kwa miguu nao husikiliza zaidi kuliko wanavyotazama, na baiskeli hii haina sauti. Kengele ilie mapema, umbali wa kutosha mtu ageuke bila kuruka.

Daladala au matatu iliyosimama kituoni ina hatari mbili kwa pamoja: abiria hushuka upande wa kushoto, na gari lenyewe huondoka bila taarifa. Usipenye kamwe kati yake na ukingo wa barabara. Subiri nyuma, au pita kulia baada ya kutazama juu ya bega. Kwenye magari yaliyoegeshwa acha nafasi ya zaidi ya mita moja kwa ajili ya mlango unaofunguka. Lori linalokata kushoto humfagia aliye ubavuni mwake bila dereva kumwona. Aliye nyuma ya lori abaki nyuma. Njia za mwendokasi jijini Dar es Salaam ni za mabasi, na huko baiskeli haina nafasi ya kukwepa. Anayevuka kwenda Rwanda au Burundi akumbuke kwamba huko hupitwa kulia, na kila kilichosemwa hapa kuhusu pande hugeuka.

Matuta hupitwa kwa kusimama kidogo juu ya pedeli, magoti yamelegea, bila kukanyaga. Reli ivukwe kwa kuikata wima. Mchangani mota ya gurudumu la mbele huteleza kirahisi; shusha ngazi, usibane breki ya mbele kwa nguvu, usikate kona kali. Mvua ikinyesha, umbali wa kusimama uhesabiwe kuwa mara mbili, na mistari iliyopakwa rangi pamoja na vifuniko vya chuma viepukwe. Baiskeli nzuri hustahimili mvua lakini si mafuriko: maji yakifika katikati ya gurudumu, shuka, zima, isukume au geuka.

Milimani, gia nyepesi iwekwe kabla ya mwinuko kuanza. Mota iliyo ndani ya gurudumu ikilemewa kwa mwendo mdogo sana hupata joto. Miguu isaidie, au ushuke. Kwenye miteremko mirefu, kama ile ya Kigali au Lushoto, mwendo uzuiwe tangu juu, kwa kubana na kuachia, ili breki zipoe.

MAKOSA YA MARA KWA MARA

• Kupandisha ngazi ya msaada ili kupita gari.
• Kukanyaga huku umekata kona.
• Kubeba abiria kwenye keria ya mizigo, acha mshikaki wa watu wawili.
• Kuondoa kizuizi cha mwendo. Breki na fremu havikutengenezwa kwa mwendo mpya.
• Kutegemea betri kukurudisha nyumbani bila kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya voti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Kila kilomita hula wati-saa 10 hadi 15, kwa hiyo umbali ni kati ya kilomita 24 na 36, na milima, upepo na mzigo huupunguza. Kuijaza hutumia chini ya nusu uniti ya umeme.

Betri na chaji

Betri hizi ni za lithiamu. Zikiharibika ndani huwaka kwa kasi ambayo haimwachii mtu muda wa kukusanya vitu. Mwaka 2023 moto uliotokana na betri za lithiamu, hasa za baiskeli na skuta za umeme, uliua watu 18 katika jiji la New York, na mwaka huohuo jiji hilo likapiga marufuku kuuza baiskeli ambazo mfumo wake wa umeme haujathibitishwa kwa kiwango cha UL 2849. Mnunuzi wa Afrika Mashariki ana haki ya kutafuta alama hiyo, au EN 15194 ya Ulaya, kabla ya kulipa.

1. Tumia chaja iliyokuja na betri. Betri ya voti 36 hujazwa kwa voti 42. Chaja ya betri ya voti 48 hutoa 54.6 na ni hatari kwake, hata kama plagi inaingia.
2. Chaji ukiwa macho na karibu, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro, mapazia na jiko.
3. Usichaji mlangoni wala kwenye korido ya kutokea. Moto ukianzia hapo, njia imefungwa.
4. Iliyotoka kwenye jua kali ipoe kwanza, iliyolowa ikaushwe. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, ingizwe ndani ipate joto kabla ya kuchajiwa.
5. Ikijaa, chomoa. Umeme ukikatika, chomoa pia, usubiri urudi na utulie.

Betri iliyoanguka vibaya, iliyovimba, inayotoa harufu ya dawa au sauti ya kuzomea, isichajiwe tena. Ikianza kutoa moshi ndani ya nyumba, watu watoke, mlango ufungwe nyuma yao, na zimamoto wapigiwe: 114 Tanzania, 999 Kenya. Moshi wake ni sumu, hivyo asirudi mtu kuokoa baiskeli.

Baiskeli isiyotumika kwa wiki kadhaa iachwe betri ikiwa nusu, ndani, mahali pa kivuli na si chini ya bati lenye joto, na ichunguzwe kila mwezi. Iliyochoka irudishwe kwa muuzaji au wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Fundi anayejitolea kuifungua na kuchanganya seli mpya na kuukuu akataliwe.